Mjomba Alipiga Saa Kumi

Sehemu ya sita

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hajalifungua, nitarudia kidogo. Dhambi yangu ni ndefu, lakini nafasi niliyopewa ni fupi.

Mimi ni Musau, wa kidato cha tatu, shule ya bweni. Mungu alinipa kipaji kimoja na akasahau kuniwekea masharti: nikimsikiliza mtu dakika tano, naweza kuongea kama yeye. Kwa kipaji hicho nilimpigia mpishi wa shule nikiwa "mwalimu mkuu", nikaagiza chapati za wanafunzi mia nane siku ya githeri, yale mahindi na maharagwe ya kila wiki. Zilipikwa. Zililiwa. Nikafukuzwa wiki mbili.

Baba hakunipiga. Alinileta Masii kwa nyanya yangu, Susu Kalekye, akaniambia kwa sauti ndogo: "Nikisikia tena umeongea kwa mdomo wa mtu mwingine, shule hutarudi. Utashuka mtoni kupakia mchanga kwenye malori mpaka uzeeke."

Baba hatanii. Kaka yangu mkubwa anapakia mchanga hadi leo.

Siku ya tatu, Jumanne, saa kumi jioni, nikaongea kwa mdomo wa Mjomba.

Kama hutoki kwetu, basi ujue kwamba Mjomba ni Justus Kitonga, mtangazaji aliyesoma salamu za wasikilizaji miaka kumi na minane. Kila siku saa kumi alimpigia mmoja wao bila kumwonya, na asubuhi iliyofuata mazungumzo yao yalichezwa redioni. Ukijibu "hello" umepoteza. Ukijibu "Mjomba nipo, redio ipo," salamu zako zinasomwa zote, hata ziwe za watu sitini.

Kwa hiyo wanachama wa klabu ya wasikilizaji hujibu kila namba ngeni hivyo. Susu alimjibu hivyo daktari wa mifugo. Mama mmoja wa Kithyoko alijibu hivyo hospitali ilipompigia kumwambia mumewe ameaga. Wanasema alimaliza sentensi yote.

Tena hutembea na simu mbili, moja ya kupokea na moja ya kurekodi. Katika klabu ile, ukipigiwa bila ushahidi hujapigiwa.

Mimi nilitoa namba kwenye daftari la klabu la Susu, nikampigia Kalondu wa Mwala, anayejiita Mama Bwawa la Mchanga. Alikuwa ametuma kadi za salamu miaka tisa bila kupigiwa hata mara moja. Nikamwambia, kwa ile sauti nene yenye kikohozi kidogo mwishoni: "Mama Bwawa, Jumamosi nakuja kwako mimi mwenyewe. Chagua mbuzi."

Akalia kwa furaha. Nikacheka mpaka nikang'ata mto.

Saa moja jioni redio ikatangaza kwamba Justus Kitonga amefariki. Hakufariki saa hiyo. Alifariki asubuhi ya siku hiyo, saa tano, hospitalini mjini Machakos.

Piga hesabu mwenyewe.

Jumatano Susu aliifunika redio kwa leso, akaigeuza ikatazama ukuta. Jiko halikuwashwa.

"Susu, tutakula nini?"

"Mjomba amekufa, wewe unataka ugali?"

"Mjomba hakuwa akinipikia, Susu."

Nilipigwa mwiko. Ndicho kitu pekee cha jikoni nilichopata siku hiyo.

Alhamisi mchana tulikuwa Mwala, nyumbani kwa marehemu, kwenye maombi. Turubai, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachopiga mluzi. Nyuma ya nyumba vijana walikuwa wanachimba kaburi la Jumamosi.

Klabu ilikuwa imeamua kuomboleza kwa njia yake. Kila mwanachama alisimama na kadi yake ya mwisho akamsalimia marehemu, pamoja na wote anaotaka marehemu awafikishie salamu huko aendako. Msimamizi wa kipaza sauti alikuwa Mzee Hirsi, mwuzaji ng'ombe wa soko la Masii, mwanachama wa miaka kumi na miwili. Yeye alisalimia mababu wanane na malaika wawili.

Susu alisalimia watu thelathini na mmoja. Wanne kati yao wako hai. Mmoja alikuwa amekaa mstari wa nyuma, akainua mkono.

Ndipo Kalondu akaingia na mbuzi.

Alikuwa mbuzi mweupe, mnene, aliyeoshwa. Kalondu alimvuta kwa kamba mpaka mbele ya Kamene, mjane wa Mjomba, akapiga magoti.

"Pole, mwaitu, mama yetu. Huyu ni wake. Aliniambia nichague, nikachagua."

Kamene hakuwa ameongea tangu asubuhi. "Alikuambia lini?"

"Juzi. Jumanne. Alinipigia saa kumi."

"Jumanne saa kumi mume wangu alikuwa mochari, mama."

Watu wakageuza viti.

"Labda si saa kumi," Mzee Hirsi akasema taratibu.

"Ni saa kumi. Yeye hupiga saa kumi. Mimi nimengoja hiyo saa kumi miaka tisa, nitaikosea?"

"Huyu anatafuta jina," mwanamume mmoja akasema.

"Hata kwa matanga watu wanataka kupigiwa."

"Miaka tisa akiwa hai hakukupigia, akupigie akiwa kwa friji?"

Wakacheka, wale wale waliokuwa wakilia. Na aliyeshika kipaza sauti akamaliza kazi ni Susu wangu mwenyewe.

"Kalondu, sisi tuliopigiwa tunajijua," akasema. "Kufa kwake hakukufanyi wewe uwe umepigiwa. Toa huyo mbuzi, anakanyaga waya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno mawili tu: ni mimi. Nikaiangalia mikono yangu, laini, mikono ya kushika kalamu. Nikaukumbuka mchanga wa mtoni.

Ninaungama kwamba sikukaa kimya. Nilizomea pamoja na wengine, na kwa kuwa nina kipaji, nilizomea kwa sauti ya mzee.

Kalondu aliingiza mkono kifuani, akatoa simu yake ya pili, akaibonyeza na kuiweka kwenye kipaza sauti.

"Mama Bwawa, Jumamosi nakuja kwako mimi mwenyewe. Chagua mbuzi."

Kikohozi kidogo.

Majembe nyuma ya nyumba yakanyamaza. Mama mmoja akateleza kwenye kiti akaenda chini polepole. Na mimi, katikati ya hofu yote ile, nilijiambia kitu ambacho padre atakisikia siku moja: ilikuwa kazi safi.

Kamene alikuwa amesimama. "Rudia."

Kalondu akarudia.

"Rudia tena." Alisikiliza amefumba macho. "Ni yeye," akasema. "Hata hicho kikohozi ni chake."

"Saa imeandikwa hapa," Kalondu akasema, akimwonyesha. "Jumanne, saa kumi na dakika mbili."

Kamene akamgeukia Maundu, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na orodha ya vyakula.

"Shemeji, mimi nilizirai kwa geti la hospitali, mkanirudisha nyumbani. Wewe ndiye uliingia mochari. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Uliona uso?"

"Kamene, tafadhali."

"Uliona uso, Maundu?"

Maundu akaikunja ile orodha, akaikunjua. "Niliona miguu. Sikuweza uso. Ni ndugu yangu. Walinifunulia miguu, nikamjua kwa kidole kilichopinda, nikaweka sahihi."

"Kidole," mtu akasema.

"Vidole vimepinda vingi," mwingine akasema.

Mzee Hirsi akakohoa. "Mimi sinunui ng'ombe kwa kuangalia kwato. Mochari si mbali. Twende watu wanne, tumfunue uso, tuone, tumalize."

"Hakuna mtu anaenda," Kamene akasema.

"Mama, ni kuangalia tu."

"Siendi kuangalia maiti ya watu. Mume wangu amesema atakuja Jumamosi. Piga hiyo namba, Kalondu."

Simu yangu ilikuwa ndani ya soksi, imezimwa. Miaka mitatu ya ukaguzi wa mabweni haikupita bure. Kalondu akapiga, akaisogeza kwenye kipaza sauti, na watu mia mbili wakamsikia yule dada mwenye adabu akisema kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

Susu akaangua kilio.

"Nyamaza, mwaitu," Kamene akamwambia. "Umesikia wamesema kwa sasa."

Akazunguka nyumba, akawaambia wachimbaji watoke ndani ya shimo na walirudishie udongo. Akavua kitambaa cheusi kichwani. Akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa rinda la manjano.

"Hili nililinunua Krismasi kwa ajili ya macho yake," akawaambia wanawake. "Hakuliona, alikuwa kazini. Leteni mchele tuchambue. Jumamosi iko karibu."

Wakaleta. Wakakaa na nyungo mapajani, wakaanza kutoa mawe kwenye mchele wa mazishi ili uwe wa karamu. Mmoja akapiga kigelegele, halafu wote. Kalondu aliwekwa kwenye kiti chenye mto. Watu walimletea chai mara mbili, wakamgusa begani, wakamuuliza sauti ilikuwaje sikioni. Yule aliyesema anatafuta jina ndiye aliyemshikia kikombe.

Maundu naye hakupewa chai.

"Ndugu yako umemficha wapi?"

"Uliweka sahihi kwa maiti ya nani?"

Mtu akamtupia ganda la chungwa. Wa pili akamtupia kiatu. Mzee Hirsi akamshika mkono na kumfungia kwenye ghala la mahindi, kwa usalama wake, akakalia kiti mlangoni. Kutoka ndani tulimsikia Maundu akisema, bila kupaza sauti, "Ni kile kidole. Alikivunja akinikimbiza mimi. Tulikuwa watoto."

Saa tisa ilikuwa imepita.

Nikafikiri kama msomi. Tatizo limeletwa na sauti, basi litaondolewa na sauti. Nani atamwamini mtoto aliyefukuzwa shule? Lakini marehemu mwenyewe akisema amekufa, nani atambishia? Niliona ni mpango wa huruma. Niliona hata Baba, siku moja, angeuelewa.

Nilienda nyuma ya choo, mwisho wa boma. Namba ya Kamene ilikuwa kwenye tangazo la mazishi lililobandikwa getini, nilikuwa nimeishika kichwani. Nikatoa simu kwenye soksi, nikaiwasha, nikalainisha koo, nikapiga.

Akashika kabla haijalia mara mbili.

"Justus?"

"Kamene," nikasema, na kikohozi. "Usiningoje Jumamosi. Nimekufa. Nimekufa vizuri kabisa. Waambie wachimbe."



"Umeniita nani?"

"Kamene."

"Ngoja niingie chumbani," akasema. Nikasikia mlango. Aliporudi sauti yake ilikuwa chini sana. "Miaka kumi na tisa huyo mtu hajawahi kuniita Kamene. Mbele ya watu aliniita mama watoto. Tukiwa wawili aliniita jina ambalo wewe huwezi kulijua."

Nikaiondoa simu sikioni, nikairudisha.

"Na nasikia kipaza sauti changu ndani ya simu yako. Uko hapa bomani. Wewe ni mtoto wa nani?"

Kidole kilikataa kukata.

"Jumanne pia ni wewe?"

"Ndiyo, mama." Hiyo ilikuwa sauti yangu, na ilitoka nyembamba.

"Kwa hivyo amekufa."

"Ndiyo, mama."

"Nimekuwa na mume tangu saa saba," akasema. "Kwa muda wa saa mbili na nusu. Nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia kwa kuchelewa."

"Nisamehe, mama."

"Si kwa sauti hiyo."

Sikuelewa.

"Kwa ile yake. Sitaki wewe uniombe. Nataka yeye aniombe."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Yeye anajua. Omba."

Nikageuza uso ukutani. "Nisamehe, mama watoto," Mjomba akasema.

Nyuma yake, kupitia mlango, wanawake walikuwa wanaimba juu ya nyungo.

"Tena. Na usikohoe. Akisema kweli hakuwa anakohoa."

"Nisamehe, mama watoto."

Hakulia kwa sauti. Nilijua analia kwa sababu pumzi ilikatika mara tatu, na kusikiliza pumzi za watu ndiyo kazi yangu. Kisha akapenga kamasi, na aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Jumamosi jeneza likishuka, kabla ya udongo, utanipigia. Bado kuna makosa matatu. Usipopiga, nitachukua kipaza sauti niseme kuna mtoto hapa anaiba sauti za maiti. Umeona Maundu walivyomfanya kwa ajili ya kidole tu?"

"Nimeona, mama."

"Basi usibadilishe namba."

Akakata.

Nilibaki nimeshika ukuta wa choo. Nikajiambia kwamba haikuwa mbaya sana. Mjane ataruhusu mazishi. Maundu atatolewa ghalani. Mimi nitapiga simu moja, niombe msamaha mara tatu, nirudi shule wiki mbili zikiisha. Msomi huona mwanga.

Nikageuka.

Kalondu alikuwa hatua tano kutoka kwangu. Kwa mkono mmoja alishika kamba ya mbuzi. Kwa mkono wa pili aliinua simu yake ya pili usawa wa kifua, na kioo chake kilikuwa kinawaka.

"Nilikuja kumfunga mbuzi penye nyasi," akasema. "Nikamsikia Mjomba."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Mama..."

"Nimeita majirani wote, kijana. Nimewaambia Jumamosi waje. Hata binti yangu ametoka Mombasa." Akaitazama simu. "Miaka tisa. Na ile siku ikifika ni mtoto wa shule."

"Mama, nakuomba. Baba yangu akisikia..."

"Usiniombe. Si kwa hiyo sauti, wala ile nyingine."

Kipaza sauti kikapiga mluzi, na Mzee Hirsi akasikika boma zima.

"Mama Bwawa. Tunamwomba Mama Bwawa la Mchanga aje hapa mbele na simu yake. Wageni wa Kithyoko wamefika sasa hivi, hawajaisikia ile sauti. Na wazee wamekaa kuamua habari ya Maundu, nao wanataka kuisikia mara ya mwisho. Mama Bwawa, njoo, tunakungoja."

Vigelegele vikapanda. Wakaanza kulitaja lile jina lake, wote pamoja, Mama Bwawa, Mama Bwawa. Nafikiri katika maisha yake yote hakuna umati uliowahi kumwita.

Aliinua kidevu akasikiliza. Kwa muda mfupi, nakuapia, alitabasamu.

Kisha akarekebisha kitambaa chake, akanikabidhi kamba ya mbuzi kana kwamba mimi ni mtu wa nyumbani kwake, akaanza kwenda. Ndani ya simu ile kulikuwa na rekodi mbili. Ya Jumanne ilikuwa imemfanya awe mtu mbele ya watu. Ya sasa hivi ingemtoa Maundu ghalani, ingempokonya yeye kile kiti chenye mto, na ingenishusha mimi mtoni.

Hatua ya saba akasimama. Akageuka, kidole gumba juu ya kioo.

"Niweke ipi, Mjomba?" akaniuliza.